Ua Lililolala Sakafuni

Tangu Mukarugwiza aletwe Kagarama, nyumbani kwa mwanawe, kutoka Bujumbura, begi lake lilikuwa bado limefungwa zipu, limekaa mlangoni utadhani ndilo mgeni. Hakugombana na mtu. Alikula, alisali, akasema Jumatatu anarudi Bwiza, mtaa wake wa kule Bujumbura. Nyumba ya Bwiza ilikwishabomolewa, naye alijua, lakini hebu jaribu kumwambia!

Mwanawe Jean-Berchmans, fundi zege wa miaka hamsini na ushee, akabaki anaikumbuka nyumba ile. Juu ya kitanda cha mama palikuwa na tofali la matundu, na jua la asubuhi likipenya humo lilimwaga ua la mwanga sakafuni. Ua lile alilijua kuliko sura yake. Basi akachukua boksi la sabuni, akalikata na kulikunja likawa vijaluba vitano virefu vya umbo la petali, akavijaza mchanga visibonyee, akavipaka mafuta, akamwaga zege kuvizunguka. Kalibu ya boksi haina mara ya pili, ikishalowa imekwisha. Siku tatu alizunguka kama yumo ndotoni, mara anasikia redio ya jirani wa Bwiza, mara harufu ya chai ya mama.

Jumamosi akabandua boksi, akalijenga lile tofali chumbani kwa mama, upande wa mashariki.

Jumapili jua lilipochomoza Mukarugwiza aliinua macho kwenye tofali, akacheka mpaka akashika ukuta.

"We Berchmans! Ua ya kule ilikuwa duara. Hii mbona ndefu hivi?"

"Ilikuwa ndefu, mama. Nilikuwa naiona kila asubuhi."

"Uliona ya chini, mwana wangu. Wewe ulikuwa unalala kwa mkeka. Jua ikiwa chini, ua inanyooka. Mimi nilikuwa naangalia ya ukuta, kwenye tofali yenyewe."

Aibu ilimshika. Miaka yote hiyo amekumbuka ua lililonyooshwa na jua, akalimwaga vilevile kwenye zege! Walikwenda wote misani, lakini Berchmans hakusikia hata neno moja. Aliwaza Jumatatu tu.

Waliporudi ilikuwa saa nne. Jua lilikuwa limepanda, na kwa kupanda kwake lilikuwa limelifupisha ua pale sakafuni. Sasa lilikuwa duara kabisa, petali tano, palepale mbele ya kitanda. Mukarugwiza alisimama kizingitini. Kisha akavua viatu, akaingia polepole, akakanyaga katikati ya ua kwa miguu yote miwili.

"Ndiyo hii," alisema.

Berchmans akabaki kizingitini anamtazama.

"Unaangalia nini? Leta begi yangu huku. Iko kwa mlango, inazuia watu."