Abiria Wangu wa Gikondo

Miezi mitatu nimekuwa nikidanganya, lakini leo nakiri: sikuvuka milima ya Rwanda kwa pikipiki. Sikutoka hata Kigali.

Nia nilikuwa nayo. Nilikodi kipikipiki chekundu pale mtaa wa Gikondo. Kwa kuwa kila pikipiki niliyoiona ilikuwa na kofia ngumu mbili, nami msomi nikaamua hiyo ndiyo sheria, nikaning'iniza ya pili kwenye usukani. Kumbe ya pili ni ya abiria, na anayeibeba yuko kazini. Kwenye taa za kwanza tu, mama mmoja muuza vitambaa alipanda nyuma yangu, akajivika kofia.

"Kabeza, mama. Fanya haraka, wateja iko nangoja!"

Niliona haya kumshusha. Nilipomfikisha Kabeza, akapanda mwingine wa kwenda Niboye. Jioni yule mama wa vitambaa akanikamata tena, akaomba namba yangu. "Unaendesha pole pole, muzuri kabisa."

Wiki yangu yote ya milima ikaishia hivyo. Niliporudi Dodoma nikaandika sura nzima ya kitabu changu cha safari kuhusu ukungu wa vileleni. Jana mume wangu alikuwa akiwasomea wageni sura hiyo kwa fahari, nami nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, simu yangu ikaita mezani. Akaipokea, akaweka sauti kubwa.

"Haro, dereva? Umepotea wapi, mama? Niko hapa Gikondo na mizigo yangu. Na ile kofia ya abiria, leo uioshe!"