Tank Moja Kuukuu, Imepakwa Rangi Vibaya

Bwana Wandera alikuwa karani wa idara moja ya serikali mjini Lodwar, idara inayohusika na maji, na jina la idara hiyo tuliache kwa sababu bado kuna watu wanaokula mshahara wake. Kazi ya karani ilikuwa kuandika kwamba maji yapo. Maji yenyewe hayakumhusu. Kwa miaka tisa aliandika hivyo kwa mwandiko wa kupendeza, amevaa tai, katika joto ambalo mbuzi wa mtaa wa Kanamkemer walilikimbia na kujilaza chini ya magari ya serikali, wasitoke hata kwa honi.

Tai ilikuwa na maana yake. Bwana Wandera hakujiona mtu wa Lodwar. Alijiona mtu wa Busia anayepita Lodwar kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ulikuwa umeshaula ujana wake wote. Mlinzi wa lango, mzee wa Kiturkana, alimwamkia kila asubuhi, "Ejok!" na kila asubuhi Wandera akamjibu, "Good morning." Miaka tisa! Hata kasuku angekuwa amejifunza neno moja.

Lakini tumtendee haki. Mkewe, Nekesa, alikuwa Busia na watoto wanne, na yule wa mwisho, Barasa, alimjua baba kama mgeni wa Krismasi anayeleta samaki wakavu. Mwaka uliopita mtoto huyo alimwuliza mama yake, baba akiwa palepale mezani, mgeni ataondoka lini. Neno hilo lilimchoma Wandera mpaka ndani. Aliporudi kazini aliandika tena barua ya kuomba uhamisho, kwa Kiingereza kizito, akaipeleka Nakuru kwa wakubwa. Nakuru ikanyamaza, kama ilivyonyamaza miaka mingine yote.

Mwaka wa 1996 akaja mhandisi mpya wa wilaya, Bwana Opondo, ambaye kabla ya mabomba alikuwa askari jeshini. Ukutani alitundika picha yake akiwa na gwanda, na kalamu zake alizitia ndani ya ganda la risasi ya mzinga. Jerotich, mpiga chapa wa ofisi na mtu pekee pale aliyejua kila kitu, alimchunguza kwa wiki mbili kisha akatoa taarifa.

"Bwana Wandera, huyu mtu ukimwambia habari ya maji anapiga miayo," alisema. "Mwambie habari ya jeshi, atakuagizia chai mpaka saa sita."

Wandera hakuwa na habari yoyote ya jeshi. Aliwahi kukimbia mgambo mara moja, na hiyo si hadithi ya kumsimulia mhandisi. Alichohitaji ni kitu, zawadi, kitu cha kijeshi cha kuweka juu ya meza ile. Mkubwa akishakipenda, angeombwa uhamisho palepale, moyo wake ukiwa bado laini.

Kitu hicho alikiona Kakuma, alikopelekwa kuhesabu mifereji. Katika soko la kambi ya wakimbizi, Mnuer mmoja wa Sudan jina lake Yien alikuwa anauza mitumba, na chini ya rundo la suruali palikuwa na vitu vya watoto wa Ulaya: mwanasesere asiye na jicho, viatu vya kuteleza kwenye barafu, na kifaru cha plastiki. Kifaru cha vita, cha kuunganishwa vipande kwa gundi, urefu wake kama kiatu cha mtu mzima. Mtoto fulani wa huko alikuwa amekipaka rangi ya kijani nzito iliyotiririka ikakaukia kwenye mzinga. Magurudumu aliyapaka nyekundu, na juu kabisa, penye mlango wa askari, akachora ua jeupe. Ubavuni ilibaki alama ya kidole gumba. Gurudumu moja halikuwepo.

"Hiki kifaru unauzaje?" Wandera aliuliza.

"Kifaru ni nini?" Yien akauliza naye.

Wandera akakinyanyua.

"Ah, dababa! Sema dababa, mudir, bwana mkubwa. Kifaru mimi najua ni nyama ya porini."

"Aliyepaka hii rangi ni mjinga," Wandera alisema, akikwaruza lile ua kwa ukucha.

"Rangi si kitu. Ile ilikuja kwetu Nasir ilikuwa rangi ya matope. Wao walipaka matope, tena wakaweka matawi ya miti juu yake. Mimi nilifikiri ni kichaka. Kichaka ikatembea."

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Bwana Wandera alikohoa kidogo, akarekebisha tai. "Hapana, bwana. Kifaru cha Kirusi ni kijani kilichoiva. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Gazetini."

"Basi wewe ndiyo unajua, mudir," Yien alisema, na wakaanza kupatana. Walielewana kukibadilisha kwa koti la mvua. Makao makuu yalikuwa yamewapa wafanyakazi wote wa Lodwar makoti ya mvua mwaka ule, kwa waraka mmoja wa nchi nzima, na hilo la Wandera lilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Yien alilikunjua, akalipima dhidi ya tundu la paa la kibanda chake, akaridhika.

Sasa, mimi simpendi sana Bwana Wandera, lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake. Alikizamisha kifaru ndani ya kopo la mafuta ya breki kwa siku mbili mpaka rangi ya yule mtoto ikalegea na kuvimba, kisha akaisugua kwa mswaki wa zamani, tundu baada ya tundu, skrubu baada ya skrubu, mpaka plastiki ya kijivu ikatokea safi. Mahali palipokuwa na gundi nyingi alipakwangua kwa wembe. Gurudumu lililopotea alilichonga kutoka kwenye soli ya akala, akalisawazisha kwa msasa mpaka lilipofanana na ndugu zake tisa. Waya wa redio aliutengeneza kwa unywele mmoja wa ufagio. Jumamosi nne mfululizo hakuenda kunywa chai mjini wala hakulalamika. Kwa mara ya kwanza Lodwar alisahau kwamba yuko Lodwar. Alikuwa na furaha, na angekuwa na akili angelitambua jambo hilo na kulifikiria.

Ilibaki rangi. Stoo ya idara ilikuwa na rangi ya kijani kilichoiva hasa, ile ya kupakia milango ya pampu, lakini mtunza stoo hakutoa hata tone bila barua, na barua sharti iwe ya Kiingereza, nakala tatu. Hapo ndipo Bwana Wandera alipojiona mjanja. Kwa Kiswahili angekwama, maana ukisema kifaru umesema kifaru, na ukisema tangi kila mtu anajua ni la maji. Kiingereza kina neno moja tu kwa vyote viwili. Kwa hiyo aliandika kwamba anaomba rangi ya kutengenezea upya tank moja, kuukuu, iliyopakwa rangi vibaya na mwenyewe wa kwanza. Hakudanganya hata neno moja.

Jerotich alipofika kwenye neno hilo aliinua vidole kutoka kwenye mashine. "Tank gani hii? Sisi hatuna tank imeharibika Lodwar. Zote zimeharibika zamani, hakuna mpya."

"Tank ni tank, madam. Wewe piga tu."

Akapiga. Bwana Opondo aliitia sahihi katikati ya karatasi nyingine arobaini bila kusoma. Nakala ya kwanza ilikwenda stoo, na mtunza stoo akamtolea lita nne, kwa kuwa hajawahi kuona tangi la kupakwa kwa kijiko. Wandera aliona ameheshimiwa. Nakala ya pili ilikaa kwenye faili. Ya tatu ilikwenda Nakuru, na kati ya barua zote alizowahi kuandika mtu huyu, hiyo ndiyo iliyosomwa.

Yeye hakujua. Alipaka kifaru tabaka tatu nyembamba kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, akakiacha kikauke chini ya sufuria vumbi lisikiguse, na Jumatatu akakipeleka kwa mhandisi kimefungwa ndani ya taulo.

Bwana Opondo alikifungua, akasimama. Alikizungusha. Akasogeza mzinga kwa kidole kimoja, ukageuka. Alianza kusimulia habari ya mazoezi fulani ya jeshi huko Isiolo, akasimulia mpaka chai ikaja, ikanywewa, ikaja tena. Mwisho alisema, "Wandera, wewe ni fundi. Omba unachotaka."

"Uhamisho, mkubwa. Nyumbani."

"Naandika leo."

Na kweli aliandika siku hiyohiyo. Nakuru wakaiweka barua yake juu ya ile nyingine ya tank, wakazisoma pamoja, na kwa mara ya kwanza wakafikiri.

Majibu yalifika baada ya wiki tano. Jerotich alimwita Wandera dirishani akamsomea mstari wa kwanza: uhamisho wake umekubaliwa. Bwana Wandera hakungoja wa pili. Alitoka mbio, tai begani, akapita langoni. Mlinzi alisema "Ejok!" naye akajibu "Ejok, ejok!" kwa furaha, neno ambalo alikuwa amelikalia miaka yote hiyo. Posta alimpelekea Nekesa simu ya maandishi: NIMEPATA UHAMISHO NAJA NYUMBANI.

Aliporudi, Jerotich alikuwa bado ameshika barua, na hakuwa anacheka. "Bwana Wandera, ungesoma yote."

Akasoma. Kwa kuwa karani huyo amethibitisha, kwa juhudi zake mwenyewe, ujuzi wa kutengeneza upya matangi makuukuu, na kwa kuwa tangi la Kakuma limekufa tangu Januari, anahamishiwa Kakuma mara moja awe msimamizi wa matangi.

Alimkuta mhandisi mezani. Kifaru kilikuwa mbele yake, mzinga umeelekea mlangoni.

"Mkubwa, mimi sijawahi kutengeneza tangi."

"Faili inasema umewahi."

"Ilikuwa hii, mkubwa! Hii hapa!"

Bwana Opondo alichukua ile nakala ya pili, akaisoma sasa kwa makini ambayo ingefaa miezi miwili nyuma. Chini yake aliona sahihi yake mwenyewe. Alitazama kifaru, akatazama mlango, akaenda kuufunga.

"Nikiwaandikia ni makosa, wataniuliza lita nne za serikali zilipaka nini," alisema polepole. "Na mimi nitasema nini? Mchezo wa watoto? Nenda, Wandera. Kilomita mia na ishirini tu. Tutaangalia mbeleni."

Kifaru hakukirudisha, wala Wandera hakuthubutu kukiomba.

Tangi la Kakuma lilikuwa la chuma, limesimama kwa miguu minne kati ya mji na kambi. Msimamizi mpya alipanda ngazi akachungulia. Chini palikuwa na njiwa aliyekufa na tundu ambalo kichwa cha mtu kingepita. Aliteremka akaandika Lodwar kuomba bati, mchomeleaji na bomba. Lodwar wakamletea walichojua yeye hutumia: rangi ya kijani, debe zima.

Na huko huko ikamfikia barua ya Nekesa. Alikuwa amepaka nyumba chokaa. Alikuwa ametangaza kanisani. Jumamosi mbili alikwenda stendi na Barasa akiwa amevaa viatu, wakakaa mpaka basi la mwisho la kutoka Kitale, na sasa anauliza kama gari liliharibika njiani Kainuk au ni nini. Wandera aliisoma barua hiyo mara tatu. Wiki tatu zikapita hajaijibu, na katika wiki hizo alifanya kitu kimoja tu anachokijua. Alipaka tangi. Alilikwaruza kutu, akalipaka tabaka tatu nyembamba, akaandika namba yake kwa rangi nyeupe iliyonyooka. Lilikuwa tangi zuri kuliko yote ya wilaya.

Siku aliyoshuka na brashi kwa mara ya mwisho, wanawake walikuwa wamesimama chini wakitazama, Waturkana na Wasudani pamoja. Mmoja wao, Mdinka mrefu anayeitwa Adhieu, alikuwa amekuja kila siku na jerikeni tupu kuuliza habari.

"Mudir, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Rangi ni mzuri sana. Sasa maji itatoka saa ngapi?"

Bwana Wandera alifungua kinywa kwa Kiingereza, kikakosekana. "Mama, mimi sijui tangi," alisema. "Mimi ninajua rangi tu."

Adhieu aliwatafsiria wenzake. Walicheka, si kidogo. Mwanamke mmoja wa Kiturkana ilibidi aketi chini kwa kucheka. Kisha Adhieu akamtupia jerikeni. "Basi beba. Twende mtoni."

Mto Tarach ulikuwa mchanga mtupu. Msimamizi wa matangi alipiga magoti kati ya wanawake, akachimba kwa mikono mpaka kwapani, akangoja maji yajikusanye chini ya shimo, akayachota kwa kikombe, matope kidogo, maji kidogo. Tai ilikuwa inaingia shimoni kila akiinama, akaivua. Jerikeni ilijaa saa nane, na ilikuwa ya Adhieu, hivyo akarudi kuchimba maji yake mwenyewe.

Jioni alimwandikia Nekesa, kwa Kiswahili, bila nakala. "Mama Barasa, ni kweli nimehamishwa, lakini wamenipeleka mbali zaidi. Kosa ni langu, nililiandika kwa mkono wangu. Mwambie mtoto mgeni atachelewa. Usimpeleke tena stendi."