Mzee Waya na Barua za Wakubwa

Nimekaa na jambo hili mwaka mzima na makali yake hayajapungua, kwa hiyo afadhali niliseme. Mzee Waya hakuvuruga barua hata moja. Aliyezivuruga ni mimi.

Tulimwita Waya kwa sababu alianza kazi pale maabara kuu akivuta nyaya za simu, enzi hizo mimi hata kufunga kamba za viatu sijui. Simu za mezani zilipokufa wakampa kompyuta, na kompyuta zilipoongezeka wakampa seva ya barua pepe. Hakusomea. Alijifunza kwa kuuliza, na kila alichoambiwa alikiandika kwenye daftari la jalada gumu, kwa mwandiko ule wa shule za zamani ulionyooka kama umepigwa rula. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina feni moja, na feni yenyewe imeelekezwa kwenye seva. Yeye atoke jasho tu. "Mimi nikiugua nitakwenda hospitali," alikuwa akisema. "Hii nani ataibeba?"

Mimi walinileta kutengeneza programu ya majibu. Mgonjwa akishapimwa, programu yangu inamwandikia daktari wake barua pepe yenyewe, bila mkono wa mtu. Na kwa kuwa majibu ya damu si kitu cha kuchezea, kila barua ilipigwa saini ya kidijitali: programu inasoma barua yote, herufi kwa herufi, na kuikokotolea muhuri wake peke yake. Kompyuta ya hospitali inayopokea inauhakiki muhuri huo. Likiongezeka neno njiani, hata nukta, muhuri haulingani tena na barua inatupwa kwenye barua taka. Nilijivunia mtambo huo kupita kiasi. Ofisini wakaniita Mtaalamu, nami nikaitika.

Mwezi wa pili malalamiko yakaanza. Barua nyingine zinafika salama, nyingine zinakataliwa: saini si halali. Mganga mkuu wa hospitali moja alipiga simu akifoka kwamba ana mama mjamzito aliyengoja majibu siku nne, na majibu yenyewe yamezikwa kwenye taka. Mkurugenzi akatuita, akauliza tatizo liko wapi. Sikuwa nimeangalia chochote, Mungu anisamehe, ila mdomo wangu ulikuwa mwepesi.

"Kwangu barua inatoka safi," nikasema. "Ikitoka kwangu inapita kwenye seva. Inaguswa huko."

Wote wakamgeukia Mzee Waya. Hakubisha. Alisema ataangalia.

Aliangalia wiki mbili nzima. Kisha asubuhi moja akapanda ngazi mpaka mezani kwangu, amekumbatia daftari lake. Alikuwa ameandika kila barua iliyokataliwa: tarehe, saa, jina la mpokeaji na cheo chake.

"Mwanangu, samahani nakukatiza. Hebu tazama hapa. Zinazokataliwa zote ni za wakubwa. Waganga wakuu, wakurugenzi, maprofesa. Za madaktari wa kawaida zinapita bila shida. Sasa seva yangu itajuaje mkubwa ni nani?"

Hakuna aliyeuliza swali la akili kuliko hilo katika jengo lile. Mimi nikacheka. Nikacheka kwa sauti, makusudi, ili wenzangu wasikie. "Mzee, kumbe hata seva yako ina ubaguzi?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye akatabasamu kidogo, kwa adabu tu, akafunga daftari lake na kushuka. Hata leo nikikumbuka kicheko kile masikio yananiwaka moto.

Mwezi uliofuata seva ikapelekwa kwa kampuni ya nje, na Mzee Waya akapelekwa mapokezi kuandikisha wageni. Miaka kumi na tisa ya kuilea seva ile ikaishia kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Na maneno yakamfuata huko huko. Madereva walimtania: "Mzee, huyu mgeni usije ukampoteza kama zile barua." Alicheka nao. Angefanya nini?

Barua zikaendelea kukataliwa.

Kampuni ya nje haikuwa na muda wa kubembelezana. Wakanijibu kwa mstari mmoja kwamba barua zinafika kwao zikiwa zimeshabadilishwa. Ndipo nikaifungua programu yangu na kuisoma kama ya mtu nisiyemwamini. Haikuchukua hata saa moja. Mwanzoni kabisa Mkurugenzi alilalamika kwamba barua zetu hazina adabu, kwamba huwezi kumtupia mganga mkuu namba za damu bila hata salamu. Basi nikaongeza kipande kidogo: mpokeaji akiwa na cheo kikubwa, barua ianze na "Kwa heshima na taadhima" na imalizike kwa kumtakia majukumu mema. Nilikipachika haraka haraka, mwishoni, baada ya saini kupigwa. Yaani nilikuwa nafunga bahasha, napiga lakiri, halafu naifungua mwenyewe ili niongeze salamu.

Nikakihamisha kile kipande juu ya mstari wa saini. Dakika tatu. Barua zikapita zote.

Nilimweleza Mkurugenzi, mlango ukiwa umefungwa. Alinisikiliza huku anatia sahihi makaratasi. "Yaliyopita si ndwele," akasema. "Zinafika? Basi." Nilitoka mle nimefarijika, na kufarijika kule ndiko kunakoniaibisha zaidi.

Hata hivyo nilishuka mapokezi. Nikamweleza Mzee Waya yote kwa sauti ya chini, nimeinamia kitabu cha wageni kama mtu anayejiandikisha. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Nilijua si seva," akasema. "Lakini umeniambia mimi ninayejua, mwanangu. Wasiojua wako huko juu."

Nikamwahidi nitasema kwenye kikao cha Jumatatu. Jumatatu Mkurugenzi akanipongeza mbele ya watu kwa kulimaliza tatizo la barua. Wakapiga makofi, nami nikasema asante. Jumatatu iliyofuata mambo ya kujadili yalikuwa mengi. Iliyofuata nilikuwa na mafua. Mwoga hakosi sababu.

Akafikia umri wa kustaafu. Tukamwandalia hafla ndogo mchana ukumbini, soda na keki. Mkewe alikuja, mama mfupi mwenye miwani, hamjui mtu, lakini aliuliza uliza mpaka akaonyeshwa mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye Mtaalamu? Baba watoto anakusifu, anasema una akili nyingi. Sasa nikuulize wewe, mwanangu, maana yeye nyumbani hasemi kitu, tangu watoe mashine yake anakaa kimya tu. Zile barua, ni kweli alizivuruga yeye?"

Mzee Waya alikuwa hatua mbili nyuma yake, ameshika saa ya ukutani tuliyompa zawadi. Alisikia. Akanitazama usoni, akangoja.

"Hapana, mama," nikasema. "Si yeye."

"Nilijua! Haya, ni nani basi?"

Mkurugenzi alikuwa pale pale karibu na keki. Wenzangu wote walikuwepo. Neno lenyewe lilikuwa moja, tena fupi.

"Mitambo, mama. Mitambo ina mambo yake."

Uso wake ukachanua. Akaniombea baraka, mimi na kizazi changu, kisha akamgeukia mumewe kwa furaha. "Umesikia? Mtaalamu mwenyewe kasema. Halikuwa kosa la mtu!"

Mzee Waya aliinamisha macho kwenye saa yake.

"Twende nyumbani, mama watoto," akasema.