Hina ya Kijivu

Bibi yangu aliacha kuzungumza na dada yangu kwa sababu ya televisheni. Nasema hivyo waziwazi, kwa kuwa nyumbani wamekwisha kuliita jambo hili ugomvi wa familia. Si ugomvi wa familia. Ni ugomvi wa kijiji chetu cha Kigombe na watu tusiowajua, waliokaa mahali wakaamua kwamba picha ya Marekani isionekane sawasawa kwetu.

Dada anaishi Marekani, na aliolewa hukohuko. Bibi hakuweza kwenda, lakini hina yake ilikwenda. Aliichuma mwenyewe kwenye mhina ulio nyuma ya jiko, akaianika kivulini, akaitwanga na kuichekecha kwa mtandio. Akatoa sharti moja tu: bibi harusi apakwe hii, asipakwe piko. Kwa Bibi, piko ni weusi wa dukani, hauna harufu wala heshima.

Baadaye tukaletewa DVD ya sherehe ya hina. Dada alikataa kuituma kwa simu. Wanawake wamo vichwa wazi, wanacheza, na kitu kikishaingia kwenye simu ya mtu mmoja kimeshafika stendi. Akampa mgeni aliyekuwa akija Tanga. Siku hiyo tulifunga mlango, tukashusha mapazia, nikawasha deki.

Picha ikatoka ya kijivu. Dada wa kijivu, gauni la kijivu, na mikono yake, alipoinyoosha mbele ya kamera, imejaa maua meusi.

"Piko," Bibi akasema.

"Bibi, ni TV hiyo. Rangi hazijatoka."

"Jana si zilitoka? Yule msoma habari si alivaa kijani?"

"Ndiyo, Bibi, ila..."

"Basi. Hina yangu wameimwaga."

Dada alipopiga simu na kuapa kwamba alipakwa ileile, Bibi alinirudishia simu bila kuiweka sikioni. Na hina yenyewe ilikuwa imeshafutika mikononi. Hata angepiga picha upya, angepiga viganja vitupu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kugusa kufuli, kisha narudi kuhakikisha kwamba niliporudi sikulifungua. Ufundi sikusomea, nimejifunza kwa kufungua redio zilizokufa, na nyingine zilikufa baada ya kufunguliwa. Kwa hiyo dada akilia upande mmoja na Bibi akinuna upande wa pili, nilishaamini kosa ni langu, nimechomeka waya vibaya.

Nikaibeba ile TV ya chogo pamoja na deki hadi mjini kwa fundi. Akatia DVD ya taarabu ya dukani kwake. Rangi zikamwagika kioo kizima.

"Dada'angu, TV nzima hii. Lete hiyo DVD inayosumbua."

"Haiwezekani, fundi."

"Kwa nini?"

"Ina wanawake."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Yaani mgonjwa umemwacha nyumbani, umeniletea kitanda!"

Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli.

Kabla ya kurudi nilipitia kwa binamu yangu anayekaa Raskazone, hukohuko mjini. Nilimkuta anacheza mpira kwenye gemu aliyoletewa kutoka Marekani, ameiunga kwenye TV ya zamani kama yetu. Nyasi za uwanja zilikuwa za kijivu. Timu zote mbili za kijivu.

"Mbona haina rangi?"

"Ndivyo inavyocheza."

"Wachezaji wako unawajuaje?"

"Wangu ni wale wa kijivu kilichoiva kidogo. Kaa, utazoea."

Utazoea! Neno hilo lilinichoma kuliko kicheko cha fundi. Nikakaa palepale kwenye kochi lake, nikasoma kwenye simu mpaka nikaelewa. Kuna mifumo ya picha. Kamera na gemu za Marekani hutumia mfumo uitwao NTSC. TV zetu za zamani, kama ile ya Bibi, zinajua mmoja tu, PAL. Zikipewa ule mwingine hushika picha, zikadondosha rangi. Na juu ya hayo, filamu za dukani zina kufuli: ulimwengu umekatwa kanda, unaweza kununua DVD halali kule ikakataa kufunguka kwenye deki ya huku. Haijaharibika. Imekatazwa. Nani wa Kigombe aliulizwa? Kama TV mpya zinaelewa mifumo yote, basi iliwezekana tangu zamani, ila sisi tukaachiwa kuzoea. Binamu yangu amezoea nyasi za kijivu. Bibi alitakiwa azoee mjukuu mwongo.

Nilisoma pia kwamba deki nyingi zinaweza kutafsiri mfumo, ukizielekeza. Nyumbani tukafunga tena mlango. Nikaingia kwenye menyu ya deki kutafuta mstari wa mfumo, kidole kikateleza kwenye mstari wa chini yake, kioo kikawa michirizi mitupu.

"Umeiua," Bibi akasema.

Nikarudi nyuma bila kuona, kwa kukumbuka tu menyu ilivyopangwa. Nikachagua PAL.

Gauni likawa kijani. Kisha dada akanyoosha mikono, na maua yake hayakuwa meusi. Yalikuwa rangi ya chungwa, chungwa hafifu, kama hina iliyooshwa mapema.

Bibi alisogeza kiti mpaka karibu aguse kioo. Rimoti ya TV ilikuwa mkononi mwangu, na kitufe cha kuongeza rangi nilikuwa nakijua. Kubonyeza kidogo tu, ingekolea kama alivyoitaka. Mimi ninayepanga hata viatu vya wageni mlangoni, nilitamani mno kuinyoosha ile rangi. Lakini nilikuwa nimewalaani watu waliomwamulia Bibi aone nini. Nikaiweka rimoti sakafuni.

"Ni yangu," Bibi akasema polepole. Akatazama tena, akakunja uso. "Lakini wameikoroga na maji matupu, ndiyo maana haikukolea. Nipe simu."

Nilimsikia dada akipokea: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hivi huko Marekani ndimu hakuna?"