Mayai Yaliyotakiwa Kutolewa

Mama yangu alizoea Kizigua, na Kiswahili cha hospitali kilimpita kando. Kwa hiyo tulipotoka kijijini kwetu Handeni kwenda Korogwe, mimi niliyemaliza darasa la saba ndiye niliyekuwa mdomo wake. Alikuwa amekwisha kukatwa titi moja kwa saratani. Sasa vinundu vilikuwa vimeota juu ya kovu.

Daktari alivigusa, akasema, "Saratani nyingine hulishwa na mayai ya mwanamke. Mayai itabidi yatolewe. Rudini Jumatatu."

Niliona haya kuuliza. Nikamfasiria mama kwamba hospitali inataka mayai.

"Mangapi?"

Sikujua.

Jumatatu alifika na kikapu kizima cha mayai, amekipakata kwenye lori tangu alfajiri, halikuvunjika hata moja. Akakiweka mezani. Muuguzi akaangua kicheko: "Jamani mama, leo mgonjwa ndiye anatulisha!"

Daktari hakucheka. Alichukua karatasi, akachora vifuko viwili vya mayai ya uzazi tumboni. Vifuko hivyo, alisema, hutoa kitu kinachosafiri katika damu, na saratani za aina moja hukifanya chakula. Za aina nyingine hazikijali.

"Ya mama yako ni ipi, sina kipimo cha kuniambia. Nitavitoa vifuko, tungoje tuone. Ila hatazaa tena."

Safari hii nilifasiri kila neno. Tulikuwa mabinti wanne, na mama bado alikuwa akimngoja mtoto wa kiume.

"Muulize, asipovitoa?" mama akaniambia.

"Vinundu vitazidi kukua," daktari alijibu.

"Basi avitoe. Hawa wanne nao wanataka mama." Akakitazama kikapu. "Na mwambie ni wewe uliyetaka kunimalizia mayai ya kuku."

Nililia, yeye akacheka.

Baada ya upasuaji, joto la kukoma hedhi lilikuwa likimpanda ghafla katikati ya palizi ya shamba la kijiji. Aliegemea jembe, akajifuta uso kwa khanga, akaendelea na mstari wake. Kila asubuhi alinifunulia kovu niguse. Mwezi wa kwanza, vilevile. Wa tatu, vinundu vilikuwa vimenywea. Kisha ikafika asubuhi ambayo kidole changu kilizunguka kovu lote kisikute kitu.

Mama alijifunga khanga vizuri, akanipa kikapu kilekile.

"Nenda bandani ukaokote mayai yote, tumpelekee daktari," akasema. "Leo ndipo tunapoyatoa."