Meza ya Mlangoni

Mdogo wangu tunamwita Kiroboto tangu hajamaliza kuota meno. Mama ndiye aliyempa jina hilo, maana ukimlaza hapa unamwokota kule. Sasa kichwa kimejaa mvi na goti la kulia ni bovu, lakini ukimkaribisha kiti bado anakigusa kwa kiganja tu, kama anapima joto la pasi, halafu anakumbuka kitu nje. Mimi nimemtangulia kuzaliwa, namjua, kwa hiyo asije mtu kunifundisha.

Kazi alizoacha ni nyingi kuliko sahani zangu. Alishona sare za shule, akaacha. Akapika kwenye bweni la wanafunzi, akaacha na sufuria ikiwa motoni. Akauza mabeseni, akauza nguo za watoto, akawekwa mapokezi kwenye ofisi moja, watu wakawa wanapokelewa na kiti. Hata mume alimwacha, tena alimwacha bafuni. Mwanamume wa watu ana povu machoni, anaomba taulo, hakuna wa kumpa. Kuja kutoka, mwenzake na sanduku lake wako kituo cha basi.

Na Mama alipougua, Kiroboto alikuja mbio. Akamwosha, akamsuka, akamwimbia, majirani wakasema huyu ndiye mtoto. Halafu akasema anatoka kidogo kununua dawa ya kumsugua miguu, anarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilituzikia mama. Alirudi matanga yameshaanuliwa, na dawa mkononi, akilia kuliko wote. Watu wakambembeleza. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

Sasa hii biashara. Kuna watu wanapenda katuni na filamu na michezo ya kompyuta kupita kiasi. Sisemi watoto tu, kuna mababa wenye vitambi na mikopo ya nyumba. Wanakodi ukumbi, wanajivika kama wale wanaowaona kwenye kioo, nywele za buluu, masikio ya paka, panga za sponji, wanazunguka humo tangu asubuhi hadi jioni wakipigana picha. Na pembeni kuna meza za wauzaji: beji za kubana kifuani, vikombe vyenye sura, vibandiko, vidude vya kuning'iniza funguo.

Kiroboto alifika huko kwa kupeleka mzigo. Binti mmoja wa jirani alimwomba amshonee joho jekundu la shujaa fulani mwenye jicho moja, akashona, akampelekea hadi ukumbini. Alirudi macho yamemtoka.

"Dada," akaniambia, "nimewapata watu wangu. Hakuna hata mmoja aliyekaa."

Nikajua nyumba imeingiliwa tena. Na kweli, chumba chote kikawa majoho. Cherehani inalia, vitambaa mpaka kitandani, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji inaonyesha katuni. Anaisimamisha, anasogeza miwani, anahesabu vifungo. Maana hao mashabiki si watu wa kuchezea. Ukiweka mstari mweusi bega la kulia wakati shujaa anao kushoto, katoto ka darasa la pili kanakusimamia mezani na kukusomesha mbele za watu. Kiroboto alisomeshwa hivyo mara moja, akarudi nyumbani akafumua majoho yote. Wala hakununa. Alifurahi, eti amepata wateja wanaoona.

Na sitamnyima haki yake, mkono anao. Ndani ya upindo wa chini anashonea kipande cha mkufu chembamba, huwezi kukiona. Mtu akijigeuza, joho linapepea, halafu linatua lenyewe kama lina akili. Wauzaji wengine majoho yao yanajikunja nyuma kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Mashabiki wakishika upindo wakasikia ule uzito, wanajua ni la Kiroboto.

Shida ilikuwa mahali. Yeye ni wa kuja na kuondoka, hivyo kila mkutano alipewa meza ya mwisho kabisa, ukutani, karibu na vyoo. Watu wanapita pale wamebana miguu, nani atauliza bei ya joho? Tena anavuta yale masanduku kutoka langoni mpaka huko, na goti lile. Jioni alikuwa anashuka ngazi za ukumbi kwa makalio, ngazi moja moja, yule binti wa jirani ndiye aliyeniambia.

Basi meza ya mlangoni ikawa wazi, mwenyewe amehama mji. Hiyo meza kila anayeingia anakutana nayo, na mzigo unashushwa hapo hapo. Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mnene mpole mwenye redio ya mkononi isiyonyamaza, akasema atampa muuzaji asiyekimbia. Alichoka na meza zisizo na watu, mashabiki wanachukua beji na hakuna wa kulipwa, lawama zinamwangukia yeye. Akamwambia Kiroboto: nakuweka hapo mkutano huu wote kwa majaribio. Nitapita nikijisikia. Nikikukuta kila nikipita, meza ni yako moja kwa moja. Nikikukosa, anaichukua muuza vikombe.

Kiroboto alinijia chumbani usiku ule ule hana pumzi. Akataka niende naye. Nikamuuliza nikafanye nini mimi, mtu nisiyejua hata jina la katuni moja. Akasema, "Ukae karibu yangu tu, Dada. Ukiniona nanyanyuka, unikanyage mguu."

Asubuhi nikavaa viatu.

Siku ya kwanza nilimkanyaga mpaka nikachoka. Mkono unapanga beji anazouza pamoja na majoho, unapangua, unapanga. Goti linacheza chini ya meza mpaka vikombe vya jirani vinagongana, muuza vikombe anatutazama kama fisi anayengoja mgonjwa. Redio ikisikika inakuja, Kiroboto anakaa wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Msimamizi anatabasamu, anapita. Akishapita, goti linaanza tena. Lakini alikaa. Majoho yalitoka kama maandazi ya asubuhi. Jioni hakushuka ngazi yoyote, sanduku lilikuwa tupu na mlango uko pale pale. Akasema hakujua kama maisha yanaweza kuwa mepesi hivi. Nami nilianza kufikiri, labda uzee umemfunga kamba tuliyoshindwa sisi kumfunga.

Siku ya pili, mchana, ilikuwa zamu ya jukwaani, pale wanaposhindania vazi zuri. Akaja mwanamke mmoja anahema. Mume wake ni jibaba moja la ndevu lililovaa mabawa ya ndege, marefu, hayawezi hata kupita kati ya meza, na joho la chini ya mabawa lilikuwa la Kiroboto. Bawa moja limeng'oka na kitambaa cha bega, na wanaitwa jina sasa. Mume amekaa chini nyuma ya jukwaa analia, na rangi ya usoni inamchuruzika.

Nilimkanyaga Kiroboto. Nilimkanyaga kwa kisigino. Hakusikia, sindano ilishakuwa mdomoni na uzi umeshakatwa.

"Ni kazi ya mkono wangu ile, Dada," akasema. Akavua kitambulisho chake akanivisha shingoni. "Tunafanana, msimamizi hatatambua. Narudi sasa hivi. Akija, mwambie niko njiani."

Akaenda, anachechemea na anakimbia.

Nikabaki na hilo neno. Watu wananiuliza bei, mimi nalisikia hilo neno. Njiani.

Redio ikaja. Msimamizi akasimama mbele yangu, akatazama kitambulisho, akanitazama mimi. Pua yetu ni moja, ya baba, na kwenye picha za vitambulisho kila mtu anatoka kama mfungwa. Nadhani alitaka kupita zake. Alikuwa amechoka, na joho moja la pale mezani lilimpendeza, alikuwa anashika upindo wake.

"Mama, uko sawa hapo?" akauliza.

Nikavua kile kitambulisho, nikakiweka mezani.

"Mwenye meza hayupo," nikasema.

Akaniangalia kama nimemharibia siku. Akanitafutia mlango, mtu mwema yule: labda ameenda chooni? Nikamwambia hakwenda chooni. Labda yuko hapa karibu, anarudi? Nikamwambia, alipo mimi sipajui na saa atakayorudi siijui, na tangu nimjue sijawahi kuijua. Akashusha pumzi, akaongea na redio yake. Muuza vikombe alishaanza kufunga vikombe vyake kwenye magazeti.

Kiroboto alirudi uso unawaka. Bawa limeshika, jibaba limepanda, watu wamepiga kelele. Akawa ananionyesha kwa mikono lilivyojigeuza, mpaka alipoona majoho yake yamekunjwa ndani ya sanduku. Nilikunja mimi. Akanisikiliza nikimweleza, mikono bado iko juu.

"Ungesema niko njiani tu," akasema pole pole. "Neno dogo kama hilo, Dada. Lingekugharimu nini?"

"Hilo nilishalisema."

"Lini?"

"Mama aliniuliza mdogo wako yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani. Akageuza shingo kuangalia mlango. Akauliza tena, nikamwambia tena. Hakuigeuza tena ile shingo. Tulimvika sanda anaangalia mlango."

Yeye miaka yote alikuwa anajua Mama alilala tu, asiamke. Hivyo ndivyo walivyomwambia wakati wanambembeleza, na mimi nilikuwa naosha vyombo.

Hakulia. Nilitegemea kilio, mwenzangu kwa machozi hana ubahili. Alivuta sanduku, akakaa juu yake. Akakaa. Mikono imelala mapajani, goti halichezi. Tukahamishwa meza, wabebaji wakatupeleka kule nyuma kwenye vyoo, akainuka, akafuata, akakaa tena. Watu walimfuata mpaka huko, walikuwa wameliona lile bawa, wanataka joho la mkufu. Hakuwatazama. Ikabidi nisimame mimi na uzee wangu, nauza. Nikamwambia mteja hili ni joho la yule mchawi, msichana mmoja mwenye masikio ya paka akaniambia bibi, huyo si mchawi, ni mfalme, wachawi wana kola ndefu. Nikamwambia basi ni mfalme, leta hela.

Kukaa kwake kulinitisha kuliko kukimbia kwake, nasema ukweli. Mpaka ukumbi unafungwa hakuwa amesogea, na njia nzima nilikuwa namtazama miguu.

Kesho yake alfajiri cherehani ilikuwa inalia.

Meza ya mlangoni ina vikombe mpaka leo. Kiroboto yuko kule nyuma, anavuta masanduku, anashuka ngazi kwa makalio. Msimamizi aliniuliza siku moja kama sijutii. Nikamuuliza, nijute kusema mtu hayupo wakati hayupo? Watu wanaona nakwenda naye kila mkutano, wanasema wale ndugu wamepatana. Hatujapatana. Mimi sijamsamehe na yeye hajaniomba. Nakwenda kwa sababu beji zingeibiwa.

Anainuka vile vile, sindano mdomoni, kila anaposikia kitambaa kimechanika mahali. Ila haniambii tena anarudi sasa hivi. Anasimama, ananitazama, ananitajia mahali: "Dada, nakwenda jukwaani." "Dada, nakwenda pale kwenye lango, kwa yule wa kofia." Nami namwambia nenda, nimesikia. Akichelewa, watu wakiuliza mwenye meza yuko wapi, nanyoosha kidole.