Fundi wa Vitako na Sufuria Iliyopanda Mlima

Saa tatu kasoro asubuhi, katika jengo la zamani mjini Incheon, maji yanaanza kuchemka na sufuria inatembea.

Si kutetemeka. Inatembea. Kwanza inavuma, kisha inajizungusha taratibu kama bibi anayetafuta miwani, halafu inateleza juu ya jiko la kioo kuelekea kushoto. Kidole kimoja. Vidole viwili. Hakuna aliyeigusa.

“Umeona, fundi?” anauliza mzee Gu Chang-rok, mwenye miaka 81, sauti ikiwa chini. “Huyo ni mke wangu. Anakwenda mahali pake.”

Kushoto kwa jiko kuna kiti kifupi. Marehemu alikuwa akikikalia akichambua vitunguu. Tangu majira ya baridi yaliyopita hakijakaliwa.

Fundi mwenyewe, Bi Ma Bok-sil, 57, anazima jiko na kuinua sufuria kwa mikono miwili. Haiburuti hata kidogo.

“Kioo hakisamehe,” anasema. “Chembe moja ya chumvi chini ya sufuria, ukiburuta umekichora mpaka ufe.”

Anamwaga maji, anaiacha sufuria ipoe yenyewe, kisha anaipindua na kulaza rula ya chuma juu ya kitako. Rula inabembea. Kitako kimetokeza nje kama tumbo la mtu aliyetoka harusini.

Hiyo ndiyo kazi yake: kunyoosha vitako vya sufuria. Kabla ya hapo aliuza sufuria nyepesi za alumini sokoni kwa miaka 22. Majengo yakang’oa gesi na kuweka majiko ya kioo yanayotambua chuma tu.

“Mteja anaweka sufuria yangu, jiko linalia pi-pi-pi, linamcheka. Anarudi kunitukana mimi, si jiko.”

Siku hizi hatoki bila sumaku. Isiponata, hakuna mazungumzo. Ikinata, anatazama kama kitako kimelala sawa na kama kinatosha duara lililochorwa kwenye kioo. Bakuli za mawe na vyungu vya udongo anawaambia wateja wavirudishe kabatini. Kitako kimoja hutoza won elfu kumi na mbili, na siku njema hunyoosha vinane.

Lakini leo aliyemwita si mzee. Ni binti yake, Hae-jin, muuguzi, ambaye amesimama mlangoni na mkoba begani.

“Jumanne sufuria hii ilijaa supu ya mifupa inayochemka,” anasema. “Nimeingia, nusu ya kitako iko nje ya ukingo! Na So-dam yuko chini anacheza na vijiko.”

So-dam ana miaka miwili. Babu yake humlea siku tatu kwa wiki, na siku nne zilizobaki hungoja siku hizo tatu.

“Haikuanguka,” mzee anasema. “Mama yako hawezi kumwagia mtoto supu.”

“Baba, sufuria inyooshwe leo, ama kuanzia Jumamosi mtoto anakaa kwa mama mkwe.”

“Yule mwanamke hata wali anaunguza.”

“Hatembezi sufuria lakini!”

Bi Bok-sil anacheka, kisha anamgeukia mzee. “Marehemu alikuwa akimwagia sufuria ya moto maji ya baridi?”

“Kila siku. Miaka thelathini na minane. Subira hakuwa nayo, hata kwa sufuria.”

“Basi ndiyo hii. Chuma kikishtuliwa hivyo kinavimba. Huu uvimbe ni mkono wake, mzee.”

Mzee ananyoosha kidole na kuugusa. Anakiacha hapo.

“Na jiko limeinamia kushoto,” Hae-jin anaongeza, akitaka yaishe. “Ndiyo maana inakwenda huko.”

Bi Bok-sil anatoa pimamaji, kijiti chenye povu la hewa cha kupimia usawa, na kuilaza juu ya kioo. Povu linakimbilia kushoto. Anaigeuza pimamaji ncha kwa ncha. Povu linakimbilia kushoto tena.

“Povu hukimbilia palipo juu,” anasema polepole.

Yaani sufuria ilikuwa ikipanda mlima.

“Ukiinyoosha,” mzee anauliza, “atakwenda wapi?”

“Mzee, mimi nimesomea vitako tu.”

Mzee anamtazama binti yake, kisha vijiko vya So-dam sakafuni.

“Piga.”

Bi Bok-sil anatandika mpira sakafuni, anaipindua sufuria, anaweka kipande cha mbao juu ya uvimbe na kushusha nyundo. Mzee anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mapigo thelathini na moja. Rula inalala, mwanga haupiti chini yake.

Maji yanachemshwa upya. Sufuria inavuma. Wote watatu wanaikodolea macho. Haisogei.

“Ameondoka,” mzee anasema.

“Hajaondoka, mzee. Amekaa tu. Miaka thelathini na minane wima, nawe ungechoka.”

Hae-jin anageukia sinki na kuosha kikombe kilicho safi. Kisha anasema, bila kugeuka, kwamba Jumamosi mtoto ataletwa saa moja.

Bi Bok-sil anapanga kukodi pembe ya duka chini ya jengo hili ikifika masika, wateja wamletee sufuria badala ya yeye kupanda ngazi nazo. Pimamaji haitakuwepo dukani. “Ile naiacha nyumbani. Kazi yangu inaishia kwenye kitako.”

Kabla ya hapo ana mwaliko. Mwezi wa kumi na mbili ni kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu marehemu afariki, na mzee amemtaka aje, kwa kuwa supu ya meza ya ibada itapikwa kwenye sufuria ileile, familia nzima ikitazama. Bi Bok-sil anaomba ikae palepale ilipowekwa.

Na ikisogea?

Anafunga nyundo kwenye kitambaa, fundo mara mbili.

“Nitasema nilipiga vibaya,” anajibu. “Nitainyoosha tena bure, nao wataendelea kumleta mtoto.”